Mwalimu Mbele ya Walimu Wenzake: Mafunzo Kazini Shinyanga na Katika Ukanda wa Dhahabu

Mtu akishaajiriwa kuwa mwalimu, awe wa darasa la kwanza au wa chuo kikuu, kwa kawaida huingia darasani peke yake. Na mlango ukishafungwa, hakuna ajuaye yatendekayo humo isipokuwa wanafunzi. Mchungaji angalau huhubiri mbele ya wazee wa usharika, na mahubiri yakipwaya atazisikia habari zake kabla ya Jumapili ya pili. Mwalimu aweza kufundisha miaka thelathini asionwe akifundisha na mwalimu mwenzake hata mara moja. Wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora wa shule, hufika; lakini hufika kupima, na mwalimu akiliona gari lao hutoa andalio la somo lililo safi kuliko yote, akafundisha mada aliyoizoea.

Katika makala hii tunakusudia kueleza njia nyingine: ile ya walimu na wahadhiri kufundishana wao kwa wao, mahali pa kazi, wakiongozwa na mmoja wao ambaye kesho yake atarudi kufundisha kama wao. Tutaanzia Shinyanga, ambako njia hiyo ilijaribiwa kwa upana katika shule za msingi. Tutavuka mpaka kwenda Geita, ambako haikufika wakati uleule. Kisha tutapanda hadi vyuo vikuu, ambako wahadhiri wa Muhimbili na wa vyuo vingine wameifanya kazi hiyohiyo kwa namna yao. Na mwisho tutasema neno juu ya vyuo vyetu vya theolojia.

Huenda msomaji akauliza haya yamhusu nini mchungaji. Basi na aingie katika darasa la kipaimara la usharika ulio kando ya machimbo, awape watoto Katekisimu Ndogo, awaombe wasome kwa zamu. Atajua mara moja ni nani aliyefundishwa kusoma na ni nani aliyepitishwa tu madarasani. Isitoshe, Kanisa lenyewe lina shule, lina vyuo, na lina wahadhiri ambao wengi wao hawakufundishwa kufundisha.

Kulea walimu kazini si jambo jipya

Yafaa kwanza tuondoe dhana kwamba mambo haya yameletwa na wafadhili wa juzi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote, nao ukaanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda mfupi kama huo. Kwa hiyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliwekwa shuleni, wafundishe sehemu ya siku na sehemu nyingine wafundishwe: kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa walimu wazoefu waliokuwa karibu nao. Watu wakatania kwamba maana ya UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Utani huo umedumu kuliko ulivyostahili, kwa maana walimu waliopatikana kwa njia ile ndio waliobeba shule nyingi za vijijini kwa miaka mingi. Wazo la mwalimu kulelewa na mwalimu halikuwa na kasoro. Kilichopungua ni muda, vitabu, na watu wa kulea.

Baadaye mtindo uliotawala ukawa ni wa semina. Mfumo wake ni wa ngazi: wataalamu huwafundisha wakufunzi wa taifa, hao huwafundisha wa mikoa, wa mikoa huwafundisha wa wilaya, na wa wilaya huwafundisha walimu. Hata Kenya, ilipoanza mwaka 1998 kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari kwa msaada wa Japani, ilitumia ngazi ya namna hiyo, ikianza na wilaya 9. Ngazi ina faida ya kuwafikia wengi upesi. Hasara yake yajulikana na kila aliyewahi kupika chai kwa wageni waliozidi majani aliyo nayo. Tena semina hufanyika katika ukumbi wa mjini, mbali na madawati, mahali ambapo hakuna mtoto hata mmoja wa kujaribia yaliyosemwa. Vituo vya walimu vilivyojengwa katika wilaya nyingi vilikusudiwa kupunguza umbali huo, ila vingi vilikosa fedha za uendeshaji vikapoa.

Yaliyofanyika Shinyanga

Mwaka 2014 Serikali, kwa fedha za Uingereza, ilianza mpango wa kuinua ubora wa elimu ya msingi uliojulikana kama EQUIP-Tanzania. Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza. Hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 2020 ulikuwa umefika mikoa 9: Dodoma, Katavi, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu, Singida na Tabora. Lengo lake la kwanza lilikuwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika madarasa ya chini. Mwaka 2015 mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliokaza hizo KKK, ulianza kutumika nchini kote, hivyo haja ya walimu kusaidiwa ilikuwa ya kweli.

Utaratibu ulikuwa wa hatua mbili. Kwanza walimu wa madarasa ya chini walipewa mafunzo ya siku kadhaa nje ya shule. Kisha kazi ilihamia shuleni: moduli zilichapishwa, na mwalimu mmoja wa shule hiyohiyo akateuliwa kuratibu masomo ya wenzake. Mara kwa mara walikutana pia na walimu wa shule jirani za kata. Waratibu Elimu Kata, ambao leo huitwa Maafisa Elimu Kata, walipewa pikipiki ili wafike shuleni, si kukaa ofisini wakingoja taarifa.

Hebu tueleze jinsi kipindi kimoja cha namna hii kinavyokwenda, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wanafunzi wakishaondoka, walimu wanne au watano hukaa katika chumba chenyewe cha darasa la kwanza, kwenye madawati ya watoto. Husoma kurasa chache za moduli, tuseme juu ya kufundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake. Mmoja husimama ubaoni, akafundisha dakika kumi kana kwamba wenzake ni watoto wa miaka saba. Wenzake humwuliza: mbona uliita wa mbele tu? Mtoto akikosea sauti ya pili utafanyaje? Baada ya hapo hukubaliana jambo moja la kujaribu darasani wiki ile, na kikao kinachofuata huanza kwa kila mmoja kueleza lilivyokwenda, hata kama lilikwenda vibaya. Huko kujaribu na kurudi kusema ndiko kunakoitofautisha njia hii na semina. Katika semina mtu hurudi nyumbani na cheti, na hakuna amwulizaye tena.

Tena yako maarifa ambayo moduli iliyochapishwa Dar es Salaam haiwezi kuwa nayo. Mtoto wa Kishapu huja shuleni akiwa na Kisukuma, lugha yenye irabu saba, akakutana na Kiswahili chenye tano. Na sauti za r na l humchanganya mwaka mzima. Mwalimu kijana aliyepangiwa huko kutoka Moshi au Njombe asipoyajua hayo, humhesabu mtoto huyo kuwa mzito, na fimbo huwa karibu. Mwalimu aliyekulia Usukumani aweza kumweleza mwenzake jambo hilo kwa sentensi mbili, wakiwa wamekaa pamoja alasiri moja. Hatudhani kwamba sentensi hizo mbili zingevuka ngazi zote za semina na kufika salama.

Je, njia hiyo ilizaa matunda? Tathmini huru zilizofanywa tangu mwanzo wa mpango, kisha mwaka 2016 na mwaka 2018, zilionyesha maendeleo katika mikoa hiyo, hasa kwa watoto waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma Kiswahili: idadi yao ilipungua. Hilo si dogo. Katika elimu yetu msaada mwingi huishia kwa mtoto wa mbele, ambaye angesoma hata kama mwalimu asingekuja.

Lakini tathmini hizohizo zilitaja tatizo ambalo wote wakaao Shinyanga wanalijua: uhamaji wa walimu. Mwalimu aliyepata mafunzo ya darasa la kwanza huhamishiwa darasa la sita kwa sababu mwalimu wa hisabati amestaafu. Au huhamia mjini kumfuata mwenzi wake. Au huacha kazi. Anayekuja mahali pake huanza sifuri. Basi faida kubwa ya kufundishana shuleni, tunavyoona sisi, ni hii: kama shule imeshika desturi ya kukaa pamoja, mgeni akija hulelewa na waliopo, na alichokijua aliyeondoka hakiondoki chote. Kama shule haina desturi hiyo, kila uhamisho ni msiba mdogo.

Kuna na jambo la posho. Watumishi wa umma wamezoea kwa miaka mingi kwamba mafunzo huandamana na posho ya kujikimu na nauli, na kwa kikao cha shuleni kwa kawaida hakuna posho. Wako wanaowalaumu walimu kwa kuuliza. Hatuungani na lawama hiyo. Mwalimu aliyefundisha tangu asubuhi, ambaye nyumba yake i kilomita nne na hajala, ana haki ya kuuliza kikao cha saa tisa kitampa nini. Shule zilizofaulu ni zile ambazo mwalimu mkuu alikaa kikaoni mwenyewe, akaandaa walau uji au viazi, na akaliingiza jambo hilo katika ratiba ya shule, lisiwe nyongeza ya hisani.

Ng'ambo ya mpaka: Geita

Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, ukichukua sehemu za Mwanza, Kagera na Shinyanga. Bukombe, kwa mfano, ilikuwa ya Shinyanga. Mgodi wa dhahabu wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000 ni mkubwa kuliko ule wa kikoloni ulioanza katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Upande wa Shinyanga, katika Halmashauri ya Msalala, uko mgodi wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Mtu akitazama ardhi haoni mpaka wa mikoa: wachimbaji wadogo, maduara, makarasha na mialo ni vilevile. Lakini katika mafunzo ya walimu mpaka ulikuwepo, kwa kuwa Geita haikuwa katika ile mikoa 9. Shule mbili zilizotengana kwa mwendo wa baiskeli zaweza kuwa zilipitia miaka sita kwa namna tofauti kabisa, kwa sababu tu ya mstari wa utawala.

Na haja ya Geita haikuwa ndogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 1.74 katika mkoa huo. Ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 2.98. Katikati yake, tangu mwaka 2016, ada na michango ya lazima iliondolewa katika elimu ya msingi na watoto wakafurika shuleni. Kiwango kinachokubalika ni wanafunzi 45 kwa darasa. Katika maeneo ya machimbo chumba chenye watoto zaidi ya 100 si ajabu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, wakishuka katika mashimo na kushika zebaki kwa mikono. Geita na Kahama ni kati ya wilaya zilizochunguzwa. Na rashi ya dhahabu inapozuka, familia nzima huhama, na mtoto aliyekuwa amefika herufi ya kumi hutoweka, akaonekana tena baada ya miezi mitatu.

Moduli nyingi huandikwa kana kwamba darasa lina watoto 45 waliopo kila siku. Namna ya kuwafundisha 120, ambao 30 kati yao hawakuwapo wiki iliyopita, haimo. Hiyo inajulikana na walimu wenyewe: jinsi ya kupanga safu zipokezane kuja ubaoni, jinsi ya kutumia vifuniko vya soda kuhesabia na vipande vya katoni kuandikia, jinsi ya kumweka mtoto aliyerudi karibu na mwenzake anayeweza kumvuta. Mwalimu mmoja wa Katoro au Nyarugusu aliyeyagundua hayo kwa kuhangaika ni hazina. Lakini asipopewa saa ya kuwaonyesha wenzake, hazina hiyo hubaki nyuma ya mlango uliofungwa.

Fedha za dhahabu zimesaidia shule za mkoa huo kwa mengi. Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu ilijengwa na mgodi wa Geita, na tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017 makampuni hutakiwa kupanga pamoja na halmashauri matumizi ya fedha za wajibu wao kwa jamii. Vyumba, madawati na nyumba za walimu huhesabika na hupigwa picha. Saa za walimu kukaa pamoja hazipigwi picha, wala hazizinduliwi kwa utepe. Ndiyo maana ni rahisi kuzisahau hata panapokuwa na fedha.

Leo mpaka huo umeanza kufutika. Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia utaratibu wa nchi nzima uitwao Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa kifupi MEWAKA, ambao umechukua wazo lilelile: jumuiya za kujifunza katika shule, kisha katika kata, kisha katika vituo vya walimu, ambavyo vimeanza kufufuliwa. Mradi wa BOOST, uliopata mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, umeusaidia utaratibu huo. Kuanza kwa mitaala mipya mwezi Januari 2024 kumeufanya uwe wa lazima zaidi. Lakini tuangalie jambo moja. Mpango wa Shule Bora, ambao Uingereza iliufadhili baada ya ule wa EQUIP-Tanzania, haukuichukua tena Shinyanga, wala haukuichukua Geita. Miradi ina mipaka yake na miaka yake. Shule ya Kishapu iliyokuwa na vikao kwa sababu ya mradi, na shule iliyokuwa na vikao kwa sababu walimu wake waliona faida, zilifanana sana mwaka 2019. Zinafanana kidogo leo.

Wahadhiri nao

Tumekaa sana katika shule za msingi kwa sababu huko ndiko habari ilikojaa. Lakini swali la mlango uliofungwa ni kali zaidi katika vyuo vikuu. Mwalimu wa darasa la kwanza alau alipita chuo cha ualimu, akafanya mazoezi ya kufundisha mbele ya mkufunzi. Mhadhiri huajiriwa kwa alama za juu za shahada yake. Anajua sana kemia au historia. Lakini kwamba kujua na kufundisha ni vipawa viwili, hilo huachiwa wanafunzi walivumbue.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimetupatia mfano mzuri katika nchi hii. Chuo hicho, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007, kiliazimia kubadili mitaala yake yote ili ijengwe juu ya umahiri: yaani kuanza kwa kuuliza daktari au mfamasia anatakiwa aweze kutenda nini. Mitaala hiyo ilianza kutumika mwaka 2011. Wakuu wa chuo walitambua mapema kwamba mtaala mpya ukifundishwa kwa mtindo wa zamani ni karatasi tu. Kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, baadhi ya wahadhiri wa Muhimbili walijifunza mbinu za kufundisha na kupima, kisha wakaunda kikundi chao cha waelimishaji wa taaluma za afya. Kikundi hicho ndicho kilichoendesha warsha kwa wahadhiri wenzao. Hapakuwa na haja ya mgeni kusimama mbele kila mara. Daktari wa upasuaji wa Muhimbili alimfundisha daktari wa watoto wa Muhimbili jinsi ya kumpa mwanafunzi maoni bila kumvunja moyo kando ya kitanda cha mgonjwa.

Jambo hilo halikukaa Dar es Salaam. Anayemaliza Muhimbili, au Bugando kule Mwanza, ndiye atakayepokea Kahama au Geita mchimbaji aliyefukiwa na kifusi, au mama aliyeletwa kwa pikipiki usiku. Alichofundishwa vibaya, hao ndio watakaolipa.

Mfano wa pili ni mradi wa TESCEA, ulioendeshwa kati ya mwaka 2018 na 2021 katika vyuo vikuu vinne: Mzumbe na Dodoma hapa kwetu, na Gulu na Uganda Martyrs kwa jirani zetu. Shirika la INASP la Uingereza na chama cha Kenya cha kuendeleza ufundishaji wa vyuo vikuu, AFELT, walikuwa kati ya washirika. Wahadhiri waliopata mafunzo ya kwanza walipewa jina la wazidishaji: kazi yao ilikuwa kuwaongoza wenzao kuziunda upya kozi zao, wakianza na mwanafunzi anatakiwa afikiri nini na aweze nini, kisha ndipo waje kwenye orodha ya mada. Ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo mwezi Machi 2020, kazi ilihamia kwa sehemu kwenye mitandao. Vikundi vilivyokuwa vimeshazoeana ndani ya chuo vilikuwa na mahali pa kuanzia.

Katika vyuo vikuu viko vikwazo viwili ambavyo shule za msingi zina nafuu navyo. Cha kwanza ni cheo. Kwetu si jambo jepesi kijana kumwambia mzee kwamba somo lake halikueleweka, na mzee huyo akiwa profesa uzito huongezeka mara mbili. Tuonavyo sisi, dawa ni kugeuza utaratibu: mkubwa atangulie kuufungua mlango wake, awaite wadogo waje kuona na kuuliza, kabla hajaingia katika darasa la mtu mwingine yeyote. Tena yanayoonekana humo yasiingie kamwe katika faili la mtumishi. Siku maoni ya mwenzako yatakapotumika katika kukupandisha au kukunyima cheo, mwenzako amekuwa mkaguzi, na andalio safi litatolewa tena.

Cha pili ni kipimo cha kazi. Mhadhiri hupanda cheo zaidi kwa machapisho yake. Saa anazotumia kumsaidia mwenzake kuandika mtihani bora hazimpandishi popote. Kwa hiyo kazi hii hufanywa na wachache wenye moyo, nao huchoka.

Katika vyuo vyetu vya theolojia

Tangu Chuo cha Theolojia kilichoanza Lwandai mwaka 1947 kilipohamia Makumira mwaka 1954, vyuo vya Kilutheri nchini vimekuwa na walimu waliotoka katika desturi nyingi za elimu: Ujerumani, nchi za Skandinavia, Marekani, na vyuo vya Afrika. Kila mmoja huja na namna yake ya kufundisha, nayo ni namna aliyofundishwa yeye. Mmoja husoma hotuba iliyoandikwa, mwanafunzi anakili. Mwingine huuliza maswali saa nzima, na mwanafunzi aliyezoea kunakili hudhani siku hiyo hakufundishwa. Utajiri huo haujawa utajiri bado maadamu walimu hao hawajaonana wakifundisha.

La kushangaza ni kwamba tunayo desturi hiyohiyo, ila tumewawekea wanafunzi. Katika somo la homiletiki mwanafunzi huhubiri, wenzake husikiliza wakiandika, kisha hukaa pamoja wakachambua: kichwa kilieleweka? Matini yalitendewa haki? Sauti ilifika nyuma? Huambiwa ukweli, wala hafi. Mwalimu wake anayesimamia uchambuzi huo, aliyefundisha Kiyunani kwa miaka kumi, hajawahi kuchambuliwa kipindi hata kimoja. Hakuna sababu ya kitheolojia ya tofauti hiyo; ni mazoea.

Uhamisho pia tunao. Mchungaji aliyefundisha Kiebrania katika chuo cha Biblia huitwa na dayosisi yake kuwa mkuu wa jimbo, na anayempokea huandaa upya mazoezi yale yale, hukosea pale pale alipokosea mwenzake, na wanafunzi wa mwaka huo hulipa. Kama Shinyanga inatufundisha kitu, ni kwamba walimu wa somo moja wakikaa pamoja kila wiki, wakiwa na daftari moja la kikao linalobaki chuoni, anayehamishwa huondoka na mizigo yake tu. Daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili hata pale kozi inapofundishwa kwa Kiingereza, kwa maana watu husema kweli zaidi juu ya kazi yao katika lugha wanayotaniana.

Kuanza hakuhitaji mfadhili. Walimu watatu wa chuo kimoja watosha: mmoja afundishe, wawili waone, wakutane siku ileile, wakubaliane jambo moja la kujaribu, wiki inayofuata wageuze zamu. Kwa muhula wa wiki 15, saa moja kila wiki ni saa 15 kwa kila mwalimu, bila kuhesabu saa za kuangalia vipindi vya wenzake. Saa hizo hazitatoka hewani. Lazima zipunguzwe mahali fulani, ama katika vipindi, ama katika kamati, ama katika safari za Jumapili. Na hilo ni la baraza la chuo kuliamua kabla ya ratiba kuchapwa.